Simu za Salim Mlimani

Ijumaa. Asubuhi kulikuwa na baridi ile ninayoipenda, ya kuvaa sweta na kunywa chai ya zaatari barazani, na mawingu machache upande wa milima. Sasa hivi nina tope mpaka magotini na nafsi yangu siipendi.

Salim amemposa mdogo wangu, Nasra. Watu wake wanangoja jibu, na Mama aliniambia wazi: "Kamtazame, Zuwena. Utakalosema wewe ndilo ntakalowajibu." Ndiyo maana leo nimetembea nao kwenye vilima vya nyuma ya Al Amerat, mimi katikati yao kama ukuta. Nasra hajui kwamba neno la mwisho ni langu.

Sikwenda kupunga hewa. Nilikwenda kumchunguza.

Gari tuliliacha ng'ambo ya wadi, korongo la mto wa mvua, tukavuka kwa miguu. Mchanga na mawe matupu, hamna hata tone. Tulipofika mbali kidogo mawingu yakaanza kuwa meusi, na Salim naye akaanza mambo yake. Anatuacha bondeni, anapanda mwambani peke yake, anazungumza na simu akiwa ametupa mgongo. Akirudi anatabasamu. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya tatu nikajua ndiyo yaleyale.

Nina sababu zangu. Mume niliyeachana naye alianza hivihivi, simu zote anapokelea nje.

Nikasingizia kufunga kamba za kiatu, nikamrekodia Mama ujumbe wa sauti: "Mama, huyu ana mwanamke. Wajibu hapana." Bondeni hakukuwa na mtandao, ujumbe haukwenda. Nikasema utakwenda wenyewe tukitoka.

Manyunyu yakaanza na upepo ukawa mkali. Nikawahimiza turudi garini. Tulipofika ukingoni mwa wadi, pakavu vilevile, Salim akatuzuia.

"Da Zuwena, tusivuke. Tupande juu tungoje. Khaloo kanambia wadi ishashuka kwao, imejaa maji."

Khaloo! Ati ndugu wa mama yake. Nilicheka kimoyomoyo. Hata yule wangu alikuwa na khaloo wa kumpigia. Gari naliona kwa macho yangu, na huyu anataka kutuweka mlimani kwenye mvua, sijui ana lake gani. Nikashuka mchangani kwa makusudi. Nasra akanivuta mkono, "Dada, nakuomba." Alimwamini yeye, hakuniamini mimi, na hilo liliniuma. Nikapanda nimenuna.

Haikupita robo saa. Kwanza tulisikia mngurumo kama lori linamwaga kokoto. Kisha yakaja maji ya rangi ya udongo, yamebeba matawi na pipa zima la plastiki, yakajaa ukingo hadi ukingo, palepale nilipokuwa nimesimama. Juu yetu bado ni manyunyu tu.

Salim akaeleza kwa haya kwamba khaloo wake anakaa huko wadi inakotokea, na alikuwa akimpigia kuuliza hali ya mvua. Hakutaka kututia hofu.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni.

Pale juu mtandao upo. Ndiyo maana alikuwa akipanda.

Ujumbe wangu ulikuwa umeshakwenda, na Mama ameshajibu: "Nimefahamu, mwanangu. Nshampigia mama yake, nimemwambia hapana nasibu."

Nikiwa bado nasoma, simu ya Salim ikalia. "Mama huyo," akasema, akasogea pembeni, akatupa mgongo. Safari hii nilijua anaambiwa nini.

Alirudi bila tabasamu. Maji yalipopungua alituvusha mmoja mmoja, mimi akanishika mkono kama dada yake, akatuleta hadi mlangoni. Nasra ananiuliza Salim ana nini, kwa nini kabadilika ghafla. Eti na yeye ameanza kumtilia shaka.

Nimefunga mlango wa chumba, naandika, yeye yuko nje anagonga. Nikimaliza sentensi hii nitamfungulia na kumwambia yote. Akishajua, atanitazama vipi?