Mayai Niliyoyafukia Migombani

Shikamoo, baba yangu,

Leo ni mwezi wa saba tangu tukuzike, na ndiyo kwanza napata moyo wa kukuandikia.

Unakumbuka tulivyoitengeneza ile mashine ya kutotolesha vifaranga? Ulichukua friji bovu, ukatia balbu mbili, kipimajoto na bakuli la maji, mimi nikikushikia tochi. Miaka yote ulikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, lakini kilichokuchekesha ni bata bukini. Uliwafuga tangu tukiwa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba. "Hawa ni askari," ulikuwa ukisema. "Mwizi akipita, mtaa mzima unajua."

Mayai kumi ulipewa na rafiki yako wa Kang'ata. Uliyachora kwa penseli, msalaba upande huu, duara upande ule, tujue yapi yamegeuzwa. Siku ya tisa tuliyamulika, ukanionyesha mishipa myembamba myekundu. Siku ya kumi na moja kiharusi kikakuangusha bafuni.

Ulirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umekufa na mdomo umepinda. Neno la kwanza nililokuelewa lilikuwa "Geuza." Basi nikawa nageuza asubuhi, mchana na jioni, nawe kitandani, upande wa pili wa ukuta, unasikiliza mlango wa friji. "Ya ngapi?" uliuliza kila siku. Nikakutajia. Mama alisema ni zile siku thelathini za mayai kutotolewa zilizokuwa zinakushikilia.

Siku ya ishirini na mbili rafiki yangu alikuwa anaolewa Handeni. Ulinipa ruhusa. "Nenda. Yasipogeuzwa siku moja hayafi." Asubuhi hiyo nilichomoa waya wa mashine nipige pasi gauni, maana soketi ya sebuleni ni moja. Gari likapiga honi nje, nikatoka mbio. Waya sikuurudisha. Mama alikuwa nawe chumbani, na unajua hakuthubutu kugusa kitu chako chochote cha umeme.

Niliporudi kesho yake jioni, mayai yalikuwa ya baridi. Nikarudisha umeme, nikasubiri hadi asubuhi, nikayamulika moja moja. Hakuna lililotikisika. Mama alipokwenda kuchota maji, niliyafukia migombani.

Halafu, baba, nikaendelea kukufungulia mlango wa friji tupu. Asubuhi, mchana na jioni.

"Nimegeuza, baba."

"Ya ngapi?"

"Ya ishirini na sita."

Nilijibu nikiwa sebuleni, nimeushika ule mlango, ili nisikutazame usoni.

Siku ya thelathini nilikwenda Segera kutafuta vifaranga vya bukini. Sikupata hata kimoja. Nilirudi na vinne vya bata wa kawaida kwenye boksi, nikakuwekea kimoja kwenye kiganja cha kushoto. Ulikipapasa mdomo kwa kidole gumba, taratibu, kisha miguu. Machozi yakakutoka.

"Wazuri," ulisema. "Hongera, mwanangu."

Nikadhani ni furaha. Wiki mbili baadaye ukafariki.

Miezi yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba angalau uliondoka ukiamini. Jumapili iliyopita nilishindwa, nikamwambia mama ukweli. Tulikuwa tunachambua maharage, na mikono yake haikusimama.

"Baba yako alijua," akasema. "Siku ile ile aliniambia wale si bukini. Akasema, mtoto asiulizwe."

Mtu aliyefuga bukini miaka yote ile! Nilifikiri nini?

Kwa hiyo zile wiki mbili za mwisho uliniuliza vifaranga wanaendeleaje, nikakujibu wanakula vizuri, na sote wawili tulijua. Laiti ungenifokea. Kufoka kwako nilikuzoea. Ningelia, ningekuangukia miguuni, ukanisamehe au ukakataa, lakini ningekuwa na jibu. Sasa naomba radhi kwa mtu ambaye hanijibu. Wale bata wamekua, mama ndiye anayewalisha. Mimi nikiwasikia uani nafunga dirisha.

Pumzika, baba. Ulinilinda nisiulizwe, nami kimya hicho kinanielemea kuliko ambavyo maswali yangenielemea. Mayai yako niliyaua mimi. Ulistahili kulisikia hili kinywani mwangu, ukiwa bado unaweza kunishika mkono.

Ni mimi,
kitinda mimba wako