Kambale wa Shimo la Udongo

Lyulilo,
14 Juni

Mdogo wangu Anyitike,

Ugonile. Natumaini u mzima huko machimboni Chunya. Sisi huku tunapumua, mvua zimekatika na vyungu vinauzika kidogo. Ningekupigia, ila wewe simu unaiweka spika kambi nzima isikilize, na haya si ya kambi.

Ujumbe wako nimeupata. Eti namnyima mkeo samaki! Eti Kisa ana mimba ya miezi saba nami namlisha usipa, vidagaa vya ziwani, kila siku, huku kambale wanaruka shimoni kwangu. Hapo hapo, bila haya, unaniagiza nimpe dereva wa basi ile chupa yako ya zebaki. Anyitike, huna aibu hata chembe? Majirani nao wameshaniita mchoyo. Leo nasema.

Mwezi wa pili alipita Bibi Generosa, mtaalamu wa maji aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, akachukua matope na samaki wa kupima. Mwezi wa nne akarudi na majibu. Usipa wa ziwani hawana shida. Kambale wa shimo langu, lile lililojaa maji ninamochimba udongo wa vyungu, akasema wana zebaki na nisimlishe mtu, hasa mjamzito. Nikambishia kwamba zebaki ni nzito, ikizama imezama. Akasema wapi! Ndani ya yale matope meusi yanayonuka, pasipofika hewa, wamo bakteria, vidudu visivyoonekana kwa macho, na ndio wanaoigeuza zebaki kuwa sumu ya namna nyingine, inayoingia mwilini na haitoki upesi. Wadudu wa majini wanaibeba, visamaki vinawala wadudu, kambale anavila visamaki, na kila mlaji anarundika ya wote aliowala. Kwa hiyo kambale mkubwa ndiye mbaya kuliko wote. Umchemshe, umkaushe, sumu iko pale pale. Kwa mjamzito inapita mpaka kwenye ubongo wa mtoto. Akaniuliza zebaki imefikaje shimoni, nikasema sijui.

Sasa niambie, nani aliileta nyumbani kwangu? Si wewe? Pasaka ya mwaka juzi ulikuja na chupa ya soda, ukaificha chini ya vyungu vyangu, ukaniambia ni dawa ya dhahabu, nikae kimya. Hukusema ni sumu. Umeiacha kwa dada yako kama mtu aliyesahau mwavuli! Nimekukasirikia hadi nikakuombea mabaya, Mungu anisamehe.

Lakini hasira hii, mdogo wangu, nusu yake ni yangu mwenyewe. Mwaka jana nilisikia wenye zebaki, ile dawa yako, wanapekuliwa, nikaogopa utafungwa. Kisimani na ziwani sikuthubutu, watu wanakunywa. Nikaimimina shimoni, kwenye maji asiyokunywa mtu, nikajiona nina akili. Krismasi ulipoiulizia nilikudanganya kwamba ipo. Kisa alipokuja Januari na mimba changa, nikawa namchagulia kambale wakubwa kwa mkono wangu huu, pamoja na vichwa, ili mtoto apate nguvu. Nilimlisha hivyo miezi mitatu.

Jana nimemwambia Bibi Generosa ukweli wote. Mwenyekiti wa kijiji amezungushia shimo miiba, na udongo wa pale sichimbi tena. Keshokutwa nampeleka Kisa hospitali akapimwe.

Barua hii nimemsomea yeye kwanza, kabla ya kuifunga. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliniuliza jambo moja tu, kwamba mtoto akipiga teke tumboni, atajuaje kama anacheza au anaumwa. Njoo, Anyitike, uje ukae naye.

Wasalimie wote unaochimba nao. Wenye chupa kama yako nyumbani kwa dada zao, wasomee barua hii, kwa spika.

Ni mimi dada yako,
Rut