Mtani Aliyelala Kaburini

Msamvu, Morogoro

Dada yangu Faida,

Shikamoo. Usicheke, najua kwetu hatuamkiani hivyo, lakini miaka ya Morogoro imenitia adabu ya watu wengine na ulimi sasa unatangulia wenyewe. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule mtoto aliyekuwa akiota meno? Mihogo imepona ule ugonjwa wa batobato? Sisi huku wazima. Mume wangu bado anashona viti vya mabasi karibu na stendi, mimi na vitumbua vyangu kila asubuhi. Mvua haitoki milimani, nguo zinakaa kambani mpaka zinanuka.

Barua yako imenifika. Unasema majaji watakuja kijijini wakae kwenye uwanja wa shule, na wanatafuta mtu aliyemwona Bahati asubuhi ile akiwaongoza wenye bunduki mpaka mlangoni kwetu. Aliyemwona ni mimi. Nilikuwa nakoroga uji, akanyoosha kidole akasema, "Hapa ndipo kwa mwalimu," wakamchukua Baba, na hakurudi tena. Unasema pia wazee wanataka yaishe kwa mbuzi na pombe, neno lisitajwe tena, tuishi kama zamani. Na wewe unachota maji kisima kimoja na mke wa Bahati. Umeniuliza nije au ninyamaze. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua la kujibu, na jambo hili si la simu, maana simu yako inasikilizwa na nyumba nzima. Barua hii anakuletea mama mmoja wa vitenge anayepitia Kigoma kuvuka ziwa kuja huko.

Sasa ngoja nikusimulie kituko kilichonipata, ndipo utaelewa jibu langu.

Wiki iliyopita tulipanda Matombo kumzika mjomba wa mume wangu. Huku mjomba ni mtu mzito. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba laweza kulipita la baba. Nimewauliza habari hizo mpaka wamechoka: shamba linakwenda kwa nani, kaburi linachaguliwa na nani, mbona hivi, mbona vile. Mama mkwe ananiita Bi Kwa Nini. Basi tumekaa na majonzi yetu, wanawake tunamenya ndizi, mara akaingia mwanamume wa makamo amevaa koti la marehemu, anachechemea vilevile alivyokuwa akichechemea marehemu, anafoka: "Mnalia nini? Nimefufuka! Leteni chai!" Watu wakacheka. Msibani, Dada! Nikadhani ni kichaa wa kijiji na watu wamemzoea.

Makaburini ndiko alikonimaliza. Jeneza lilipofika, alirukia ndani ya kaburi akalala chali, mikono kifuani. "Hazikwi mtu hapa! Babu zetu ndio waliochoma nyumba zenu, wakala mbuzi zenu, wakabeba bibi zenu. Leo mnazika bila kutupa chochote?"

Hasira zilinipanda. Mtu anajisifia nyumba zilizochomwa, tena mbele ya maiti! Niliokota bonge la udongo nikamtupia, likampata shavuni.

Hata katekista alifunga kitabu chake. Kisha mama mkwe, mwenye msiba mwenyewe, akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. "Jamani, Bi Kwa Nini kampiga mtani!"

Ndipo nikaelezwa. Yule ni Mngoni, anaitwa Mzee Mapunda, seremala wa mjini. Zamani sana watu wa kwao walikuja milima hii na mikuki, na leo ni watani wa watu wa huku. Mtani anamtukana aliye hai na kumwigiza aliyekufa, na ni mwiko kumkasirikia. Ukikasirika unatozwa. Mimi nilitozwa kumpikia ndizi za nazi, kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipika kwa furaha, nikuambie kweli. Nilijiona nimepata jibu lako. Kumbe inawezekana! Watu waliochomeana nyumba wanazikana kwa vicheko. Basi mbuzi wa wazee anatosha, nami nibaki na vitumbua vyangu. Nilipompelekea sahani nikamuuliza hapohapo.

"Shikamoo, Mtani. Samahani kwa lile shavu. Hebu niambie, babu zenu na babu zao walipatanaje? Nani alianza kuomba radhi?"

"Marahaba. Mimi sijui, mwanangu. Utani nimeukuta upo."

"Lakini waliochoma na waliochomewa walikaa wakacheka pamoja?"

Akaacha kutafuna. "Wale wenyewe? Thubutu! Aliyechoma nyumba angejilaza kwenye kaburi la wenye nyumba, wangemfukia humohumo. Utani ni wa wajukuu. Wale walikufa na vinyongo vyao." Akaniangalia vizuri. "Kwani wewe umeuliwa nani?"

Nililia, na yule mzee wa mizaha akavua koti la marehemu, akakaa kando yangu mpaka sahani ikapoa.

Toka siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, kama ilivyo kawaida yangu. Mzee Mapunda hakuficha kitu. Alisema mbele ya wote: tulichoma, tulibeba. Hawa wanacheka juu ya jambo linalotajwa kwenye kila msiba. Wazee wetu wanataka tucheke juu ya jambo lisilotajwa, na mwenye kulitenda yungali hai, anakupita njiani anakusalimu, wala hajawahi kulitamka jina la Baba. Hicho si kicheko chetu mimi na wewe. Tukikubali kunyamaza, hata wajukuu hawatakuwa nacho.

Kwa hiyo nakuja. Mpe karani wa mahakama jina langu. Nitasema kile kidole na maneno yale, sitaongeza chumvi. Naogopa sana, Dada, na sijui majaji wataamua nini. Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi nitaondoka na wewe utabaki kisimani. Waambie ni ukaidi wa Riziki, wewe hukumwita. Na maji yakiwa machungu, funga mizigo uje, mahali pa kulala papo.

Nisalimie shemeji, shangazi yetu wa kando ya ziwa, na mama mdogo aliyenifundisha vitumbua. Msalimie na mke wa Bahati. Ndiye aliyekuzalisha, na asubuhi ile yeye hakuja kwetu na bunduki. Mwambie wewe mwenyewe kwamba nakuja, asilisikie sokoni. Mwambie nitapita kwake kwanza, nikae, nimweleze uso kwa uso nitakachokwenda kusema juu ya mume wake, ndipo niende uwanja wa shule.

Mdogo wako akupendaye,
Riziki