Maji ya Mama Kwenye Goli la Chuo

Malambo, Bariadi,
Mkoa wa Simiyu.
14 Juni 2025.

Mpendwa kaka Mayige,

Mwangaluka, kaka. Hujambo huko Mtwara? Wifi Specioza na watoto wanaendeleaje? Ule mgongo wako umepona, au bado unabeba magunia ya korosho kana kwamba una miaka ishirini? Sisi hapa tunapumua, Mungu ashukuriwe. Pamba mwaka huu imekubali, watu wako mashambani wanavuna. Mama ni mzima wa mwili. Nimeanza na hilo usije ukaishiwa nguvu kabla hujafika chini.

Sikupiga simu kwa sababu mama yuko hapa kwangu, na vyumba vyangu hivi viwili ukikohoa huku unasikika kule. Ujumbe wa simu nao ungeusoma huku unapakia lori, ukanijibu "sawa" kama kawaida yako. Barua hii nimempa Hanif, mwenye duka la jirani, anakuja huko msibani. Isome umekaa.

Jumamosi iliyopita chuo anachosoma mwanao Mayunga kilifanya siku ya mashabiki wa timu yao. Siku zote sisi huishia nje ya kamba na vigelegele vyetu, lakini siku hiyo walitufungulia mpaka ndani. Tuliingia chumba cha kubadilishia nguo, jezi zimetundikwa kwa namba, dawa ya kuchua inanuka mpaka machozi yanatoka. Kocha Marcelo akatuchorea kwa chaki wanavyojipanga kona ikipigwa. Niliitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Tulioneshwa hata sufuria la maharage wanayokula kabla ya mechi. Mayunga ndiye aliyetutembeza, glovu zake za kipa kwapani, akimtambulisha bibi yake kwa kila tuliyekutana naye. Ungemwona, kaka, ungejua umezaa.

Kosa langu ni kumleta mama kutoka Mwamapalala bila kukipekua kikapu chake. Ndugu waliporuhusiwa kuingia uwanjani kupiga picha na wachezaji, mama alikwenda moja kwa moja golini kwa mjukuu wake. Akatoa chupa ya maji yenye unga wa mtama, akanyunyizia nguzo za goli na zile glovu, huku akiwataja mababu. Wewe unajua na mimi najua kwamba ndivyo anavyofanya mlangoni mwa zizi ng'ombe wakienda malisho ya mbali, ili warudi salama. Kwake goli ni mlango, na mjukuu wake ndiye mlinzi. Alifanya mchana kweupe, anacheka. Watu nao walicheka, na simu zikarekodi.

Baadaye wachezaji wakagawana, wakacheza mechi fupi kutuonesha mazoezi yao. Joakim, mfungaji wao, akaukimbilia mpira, akateleza, mguu wake ukagonga nguzo ileile. Mfupa tuliusikia. Kisha mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Si pale pale yule bibi alipomwaga dawa?"

Tangu hapo sina amani. Joakim mwenyewe, akiwa kitandani hospitali, amesema aliteleza, viatu vyake vilikuwa vimekwisha meno. Nani anamsikiliza? Video imezunguka kwenye magrupu, imefika Maswa, imefika Nyashimo, na mama alipokuwa anashuka garini kijijini ilikuwa imeshamtangulia. Wameuvuta uso wake karibu ili macho yaonekane. Unayajua macho ya mama, yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni tangu sisi wadogo. Na unajua huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu akishanyoshewa kidole mambo yanaishia wapi. Siwezi hata kuandika.

Jumatatu majirani hawakuitikia salamu yake. Siku iliyofuata jiwe likapiga bati la nyumba. Nikaenda kumchukua siku hiyohiyo, nikatoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi, wakaandika. Mtendaji ni mtu mwema, lakini yeye analala kwake na mama analala kwake.

Mama hataki kukaa hapa. Kila asubuhi anafunga kikapu. Anasema, "Nikikimbia watasema ni kweli. Na kuku wangu nani anawafungia?" Nilimwambia kuku wenyewe pengine walishaliwa, akaninunia mpaka jioni. Ameapa kwamba mwezi ukiisha anarudi, nimsindikize nisimsindikize, na wewe unamjua mama akiapa.

Mayunga naye amewekwa pembeni. Wenzake hawataki kuvaa jezi chumba kimoja naye. Kocha anasema ni kwa muda tu, wapoe. Jana mtoto alikuja, akapiga magoti mbele ya bibi yake, kama alivyozoea, amwekee mikono kichwani. Kaka, mama aliificha mikono yake ndani ya kanga. Akamwambia, "Inuka, ng'wanone, mwanangu. Nenda hivyohivyo." Mayunga akabaki pale chini, hajui atazame wapi. Nilikwenda jikoni nikalia. Watu wamemfanya mama yetu ajiogope mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, na usikasirike. Kule kijijini wanasema hivi: kama si mchawi, mbona mwanawe wa kwanza alikimbilia Mtwara na hakanyagi hapa? Mimi najua ulifuata kazi. Wao wanakumbuka siku ulipoondoka, mama alipoleta chupa yake akubariki, ukairudisha mbele yao wote, ukasema umeokoka na hayo ni mambo ya giza. Hakuna aliyesahau. Polisi hawawezi kulijibu hilo, wala mimi siwezi. Ni wewe tu.

Imani yako ibaki ilivyo. Mchungaji wako mwambie mama yako yuko hai na unataka abaki hai. Ninachokuomba ni uje kabla mwezi haujaisha, tumrudishe pamoja. Tufike mchana, watu wakiwa kwenye pamba na njia imejaa, upige magoti mlangoni kwake na kuinamisha kichwa. Akikuwekea mikono, watakuwa wameona. Akiificha kama alivyoificha kwa mwanao, usiinuke. Kaa hapohapo chini mpaka aitoe.

Msalimie sana wifi Specioza. Goodness na Minza waambie shangazi yao hajawasahau, na kwamba kaka yao Mayunga ana nguvu ingawa hasemi. Mungu wako na wa mama, maana ni mmoja, akufungulie njia kutoka huko mpaka hapa.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja stendi ya Bariadi,

Nyanjige