Chai Uliyoiacha

Homa Bay,
Jumanne.

Kwa baba yangu Mwita,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama, na ng'ombe wote kwa majina yao. Sisi huku tu wazima. Mume wangu anaendelea na useremala wake, watoto wanasoma, nami bado niko hospitalini, napiga deki na kufua mashuka ya wodi ya wanaume. Natumaini mvua imefika Kehancha na kaka Marwa ameanza kulima. Hali yako siulizi, Baba. Nikiuliza utasema njema, na leo sitaki kuambiwa njema.

Barua hii nimempa Gati, binti wa shangazi anayesoma huku na leo anakuja nyumbani, nikamwapisha aiweke mkononi mwako. Simu ya nyumbani ni ya mama, na mama akiongea na simu majirani wote wanasikia. Isitoshe, ninayotaka kusema mdomo wangu hauwezi mbele yako. Binti wa Kikuria hamwulizi baba yake habari za kwenda haja. Umenilea hivyo, na wangu nawalea hivyo. Basi nimeiachia karatasi iseme, na ukikasirika, ikasirikie hiyo karatasi.

Nilipokuja Desemba niliona. Nilikuletea chai, ile ya maziwa mengi, ukaigusa kwa midomo ukaiweka chini. Siku ya pili vivyo hivyo. Wewe, ambaye zamani mama alikuwa anakupimia chai kwa sufuria. Kwenye maombi ya shukrani ulitoka mara tatu kabla mchungaji hajamaliza, na kila ukitoka ulikaa nyuma ya zizi muda mrefu mno. Nilihesabu, unisamehe. Nikaelewa kwamba mkojo hautoki vizuri, na kwamba umeacha kunywa ili usiwe unainuka mbele ya watu.

Nikanyamaza miezi yote hii nikijiambia ni heshima. Haikuwa heshima, ilikuwa woga. Lakini Jumapili mama alinipigia akasema miguu yako imevimba, unatapika asubuhi, na ugali hutaki hata kuuona. Yeye anadhani ni malaria. Anakuchemshia mizizi, na Marwa anakununulia tembe za maumivu ya mgongo dukani. Baba, tangu Jumapili naogopa, na kila simu ikilia naogopa zaidi.

Kuna mzee wa umri wako aliyeletwa wodini kutoka upande wa Magunga, mkulima mwenye nguvu zake. Naye alikuwa ameacha kunywa maji. Tumbo la chini lilikuwa limekaza kama ngoma, lakini nyumbani alikuwa anawaambia wanawe kwamba anakojoa sawasawa, kwa sababu matone yalikuwa yakitoka, hata usingizini. Daktari aliwaeleza wanawe nikiwa napiga deki pale kando. Alisema chini ya kibofu kila mwanamume ana tezi, na umri ukienda mara nyingi hukua, ikabana njia ya mkojo. Kibofu kinajaa, yale matone ni ya kumwagika tu, na mkojo uliobaki unarudisha msukumo juu hadi kwenye figo. Figo zikishindwa kusafisha damu, uchafu unabaki mwilini, ndipo miguu inavimba na mtu anachukia chakula. Kuacha maji hakufungui njia, kunaongeza tu maambukizi. Na zile tembe za maumivu, alisema, huziumiza zaidi figo ambazo tayari zimechoka.

Walimwingizia mpira mwembamba wa kutoa mkojo, beseni likajaa. Yule mzee alilia kwa nafuu mbele ya wanawe, na hakuna aliyemcheka. Lakini alikuwa amechelewa. Figo zake hazikurudi, na sasa analetwa mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Daktari aliwaambia wanawe, "Mngemleta mapema, angekuwa shambani leo." Mimi niliinamia ndoo yangu nikawaza wewe.

Najua pia unachoogopa. Nilikusikia ukiongea na Marwa zizini, mkidhani niko jikoni. Ulisema, "Wanaume wanaokwenda kukatwa huko wanarudi maksai." Baba, umehasi mafahali maisha yako yote, kwa hiyo unajua kuliko mimi ni nini hukatwa. Huku hakikatwi hicho. Tena si kila mtu anapasuliwa. Wengine huanza na mpira na dawa za kumeza, na kipimo cha damu, cha mkojo na picha ya tumbo ndivyo vitakavyosema. Siwezi kukuahidi kwamba yote yatakuwa sawa, maana sijui figo zako zimefikia wapi. Najua tu kwamba kila siku tunayokaa kimya inatupunguzia nafasi.

Sasa nitoe siri, na ruhusa ninayo. Rafiki yako Nyamohanga, mliyetahiriwa naye msimu mmoja, mwaka jana hakwenda Tanzania kutafuta ng'ombe kama alivyowaambia. Alikuwa wodini kwetu, kwa ugonjwa huu huu. Nilimfulia mashuka siku tisa, akaniomba nisiseme, na sikusema hata kwa mume wangu. Jana nilimpigia simu nikawa nazungukazunguka, akanielewa upesi. Akasema, "Mwambie. Lakini mwambie pia mimi bado ni fahali." Akacheka hadi akakohoa. Aibu ilinishika nikakata simu bila kuaga, uniombee radhi kwake.

Kwake huna la kuonea haya. Nyinyi wa rika moja mnaambiana lolote. Baadaye alinitumia ujumbe kwamba atakuja Ijumaa asubuhi na pikipiki, atamwambia mama mnakwenda kuangalia fahali wa kununua. Panda. Atakufikisha hospitali ya huko karibu, si hii ninayofanyia kazi, na ataingia nawe hadi ndani. Usingoje Marwa amalize kulima. Na kama kabla ya Ijumaa mkojo utaziba kabisa, au uanze kusinzia mchana na kuchanganya maneno, mtume Marwa amwite Nyamohanga saa hiyo hiyo. Zile tembe za mgongo ziache leo.

Nisalimie mama, kaka Marwa na mke wake, na shangazi, mwambie kwamba Gati anasoma kwa bidii. Mjukuu wako mwenye jina lako anauliza kila siku babu atakuja lini kumfundisha kuchunga. Nimemwambia babu ana kazi kidogo Ijumaa.

Barua hii usiijibu. Ukishaisoma ichome. Tukionana sitakuuliza, nawe hutanieleza, tutaongea habari za ng'ombe kama kawaida. Ila ukirudi kutoka huko, na daktari akiwa amekuruhusu, mwambie mama akupikie chai, halafu anipigie aniambie baba amekunywa vikombe viwili. Atashangaa mtu kupigiwa simu kwa habari ya chai. Mimi nitaelewa.

Ni mimi binti yako, simu iko mkononi,

Boke