Ndala Zako Upande wa Kulia

Bakari, ndugu yangu,

Mungu akupe kivuli huko uliko, maana hapa kambini kwetu Al Wukair, ughaibuni, jua halijalegea tangu tukuzike.

Jana baada ya swala ya Ijumaa chama chetu cha kusaidiana kilipigia kura lile jambo lako: msaada wa kila mwezi kwa wajane uongezwe mara mbili, na sisi tukatwe zaidi. Ulipolileta hukujua mjane wa kwanza atakuwa Salma wako. Unaotolewa sasa haumtoshi hata kodi ya chumba pale Tanga, na mwenye nyumba ameshamwambia atafute pengine.

Tulipiga kwa mtindo wako, ili mtu asitazamwe usoni: unaacha ndala nje, kulia kwa mlango wa chumba chetu ukikubali, kushoto ukikataa, unaingia peku. Mutiso hakujificha, akaweka zake kushoto mbele ya wote. "Wasee, mshahara ni ule ule. Tutakula huruma?" Ana mama mgonjwa Machakos, najua. Lakini nilimchukia, Bakari, nisikufiche.

Mwenyekiti akatoka kuhesabu, akarudi akisema tumeshinda kwa jozi moja. Mimi nikachungulia nje. Zako zilikuwa bado kulia, zile za bluu ulizofunga waya, palepale zilipobaki siku walipokutoa kwa machela, miguu mitupu. Hakuna aliyethubutu kuziondoa. Tumezizoea hata hatuzioni.

Ningenyamaza tu, Salma angelala kwake. Lakini nilikusikia ukinikaripia kama tulipocheza karata: "Cha wizi hakishibishi, Hamisi." Nikasema kwamba jozi moja ni ya marehemu. Nikazichukua, nikazikumbatia kama mjinga. Kura zikawa sare.

Chumba kikanuka shari. Wenzetu waliokubali walinitazama kama msaliti. Mutiso akainuka, akatoka, nikajua ndiyo basi. Kumbe ameinama pale mlangoni, anahamisha zake, anaziweka zilipokuwa zako. "Hata mimi niko na mtu nyumbani," akasema, akarudi kukaa.

Imepita, kaka. Nimempigia Salma. Alilia, kisha akaniuliza siku ile ulitoka na nini miguuni. Nikamwambia nitamjibu nikifika.

Ndala zako nimezifunga ndani ya kanzu yako. Nikipata likizo nitazipeleka Tanga kwa mkono wangu, na hapo nitamweleza.

Pumzika, Bakari.

Ndugu yako,
Hamisi