Kamba wa Kutu Katika Kijito cha Swope

Jumamosi, 4 Mei

Maji nyuzi 58 za Farenhaiti. Safi, unaona hadi chini. Samaki wa besi, madume, wameanza kufagia mchanga kwa mikia — viota vitatu tayari, upande wa shamba la Delmar. Ningekuwa na furaha. Badala yake nimerudi nyumbani mbio, nimelowa hadi kiunoni.

Nilikuwa nageuza mawe. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nageuza mawe ishirini juu ya bwawa la kinu cha zamani, nahesabu wadudu, naandika kwenye kitabu cha maji cha klabu yetu ya wavuvi. Mwaka wa tisa huu. Jiwe la saba — kamba wa mtoni, mkubwa, akaniinulia magando anataka ngumi. Kamba wetu hukimbia. Huyu hakukimbia. Nikambana mgongoni, nikamgeuzia kwenye mwanga. Doa la kutu ubavu huu, doa la kutu ubavu ule, kana kwamba mtu kachovya vidole kwenye rangi akamshika.

Mungu wangu! Hawa ni wa Susquehanna, mto mkubwa. Huko wamemaliza majani yote ya majini, wanakula mayai ya samaki, kamba wa asili wamewafukuza kabisa. Ukuta wa bwawa la kinu ndio uliotukinga miaka yote. Hawawezi kuupanda. Lazima mtu awabebe.

Na mtu huyo namjua. Namwona kwenye kioo kila asubuhi nikichana nywele.

Jumapili, 5 Mei

Sikwenda kanisani. Nimemwambia mume wangu Clair kichwa kinaniuma. Haya, Verna, andika. Humu hasomi mtu.

Agosti iliyopita. Clair alikuwa na miezi mitano tangu kiharusi. Upande wa kulia umekufa, maneno hayatoki, kutwa dirishani. Nikasema leo nampeleka mume wangu kijitoni kuvua, liwalo na liwe. Mahali pekee ambapo kiti chake cha magurudumu kinafika ukingoni ni kwa Delmar, pale anapokodisha uwanja wa mahema. Basi asubuhi nikashuka hadi mto mkubwa na wavu, nikakamata kamba wa chambo dazeni mbili. Sheria kila mvuvi wa hapa anaijua: kamba hahamishwi mto akiwa mzima. Unambandua kichwa palepale ulipomkamata, ndipo unamtia kwenye ndoo. Bango la sheria hiyo lililo mlangoni pa duka, nani aliyeliandika? Mimi! Kwa mkono wangu!

Sikuwabandua. Nilitaka Clair asikie kamba anavyopapatika kwenye mshipi, kwa ule mkono wa kushoto uliobaki. Na alisikia! Akapata besi wa inchi kumi na saba, akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Machi. Nikalia pale pale majini. Tulipofungasha, kwenye ndoo walikuwa wamebaki kamba kumi hivi. Nilikuwa na furaha, nikawaonea huruma. Nikawamwaga kijitoni. Nikawaambia nendeni mkale maisha.

Mpumbavu mimi. Tena mpumbavu mwenye bango.

Jumanne, 7 Mei

Nimerudi kwa Delmar kugeuza mawe mengine ishirini. Kamba wa kutu kumi na mmoja. Majike wawili wana mayai chini ya mkia. Nimewaponda wote kwa kisigino. Haisaidii kitu, lakini nilitaka kukanyaga kitu.

Nimeandika kwenye kitabu cha maji: kamba wa kutu, 11, ukingo wa Delmar. Kweli tupu — ila haina mtu ndani yake. Kisha nikampigia Royce Hostetter, mwenyekiti wa klabu. Sikumaliza hata sentensi ya kwanza.

"Delmar! Si nilisema? Si nilisema watu wake wa mahema watatuletea balaa?"

Nikasema hatujui bado, Royce.

"Dada Verna, wewe una moyo mwema kupita kiasi. Jamaa anauza chambo, anaingiza watu wa mjini na ndoo zao, kamba wanatokea ukingoni kwake. Unataka malaika ashuke akwambie?"

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikamuuliza mkewe anaendeleaje na goti.

Alhamisi, 16 Mei

Delmar amekuja. Hakupiga hodi, hajawahi kupiga hodi nyumba hii. Yeye na Clair walianza kuvua pamoja kabla hawajaota ndevu. Amekuja na pai aliyoioka mkewe Miriam, akaitupa mezani hadi sahani ikaruka.

"Shemeji, nasikia mimi ndiye niliyekiua kijito."

Anasema dukani watu wanageuza shingo. Mtu kaandika KAMBA kwa kidole kwenye vumbi la gari lake. Familia nne zimeghairi kuja kupiga hema. Ng'ombe aliwauza wote mwaka juzi, mahema ndiyo yaliyobaki. Na tarehe nane Juni klabu inapiga kura kuiomba halmashauri imfungie kabisa.

"Mimi siuzi kamba, shemeji. Unanijua! Minyoo na barafu, basi!"

Nikasema najua.

"Sasa si uwaambie! Kitabu ni chako. Wakikusikia wewe wananyamaza. Wakinisikia mimi wanacheka."

Nilikuwa nafuta meza. Nikaendelea kufuta palepale. Akasema wakipiga hiyo kura, miti yake yote anaipaka zambarau kuanzia darajani hadi kinuni. Kwetu rangi hiyo kwenye mti ni mlango uliofungwa, ukivuka unashtakiwa. Rangi keshainunua, iko kwenye gari. "Hapiti mtu! Si Royce, si mtoto wa Royce, si—" Macho yakamwangukia Clair kwenye kiti. Akanywea. "Samahani, kaka. Sikukusudia wewe."

Clair hakuwa anamtazama Delmar. Alikuwa ananitazama mimi, tangu mwanzo hadi mwisho. Pai iko mezani, hakuna aliyeikata.

Jumatano, 22 Mei

Nyuzi 64. Nimekaa ukingoni tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, sikushika hata ufito wa kuvulia.

Kiota kimoja, kipana kama sinia. Dume wa rangi ya shaba juu yake, mapezi yamechanika. Jike hutaga na kwenda zake. Dume ndiye anayebaki na mayai. Hali kitu. Kamba akija kushoto, anamrukia. Akigeuka, mwingine yuko kulia keshafika kwenye mayai. Yeye ni mmoja tu! Nimehesabu kamba wanane kisha nikaacha kuhesabu.

Hapa kwetu ukirusha ndoano kwenye kiota mwezi Mei, watu wanakuita mwizi, na hawakuiti hivyo kwa utani. Mimi kiota hiki nimekiiba bila ndoano.

Nimejitafutia visingizio pia, nisijidanganye. Huko juu wamelima hadi ukingoni kabisa, mvua ya juzi imeleta tope, maji ya samadi yanashuka kila masika, kiangazi mawe yana ute wa kijani. Kijito kilikuwa mgonjwa kabla yangu. Ni kweli. Na mgonjwa ndiye niliyemwagia ndoo.

Alhamisi, 23 Mei

Kiota kitupu. Mchanga tu. Dume bado yuko pale analinda.

Jumapili, 2 Juni

Nilikuwa namnyoa Clair. Povu limejaa kidevuni. Akanishika kifundo cha mkono.

"Ndoo," akasema.

Nikajifanya sikusikia. Akasema tena. Halafu, neno moja moja, huku jasho likimtoka: "Mimi. Nili. Mwaga."

Nikamwambia hukumwaga wewe, ulikuwa kwenye kiti na samaki wako. Akatikisa kichwa kwa hasira. Imechukua karibu nusu saa, povu likamkaukia usoni, lakini nimeelewa yote. Siku ya mkutano atasema ni yeye. Mgonjwa hawatamfanya kitu. Delmar atapona, ukingo utabaki wazi, na mimi nitabaki na klabu yangu na kitabu changu. "Una... penda," akasema. Kitabu.

Nikatupa wembe kwenye beseni. Nikamfokea! Mume wangu, nusu ya mwili haina uhai, nikamfokea hadi jirani akafunga dirisha. Nikamwambia hunifanyi mwizi mara mbili. Akatabasamu kwa ule upande mmoja wa mdomo.

Na kwa kuwa humu hasomi mtu, niandike na hili. Kwa dakika kama kumi, nikiwa naosha ule wembe, nilikuwa nimekubali. Nilishapanga hadi namna nitakavyoinamisha kichwa watu wakimwonea huruma. Naona haya hata kuiona kalamu ikiandika.

Ijumaa, 7 Juni

Royce kapita kuleta ajenda ya kesho. Mchangamfu, mikono mfukoni, anasema halmashauri wamemhakikishia kwamba klabu ikipiga kura nao watafunga. Akampiga Clair begani.

"Vipi mzee wa kazi? Besi wanakuulizia!"

Clair akasema, "Mimi. Ndoo."

"Ndoo ipi tena? Ukipata nafuu tutaijaza, mimi na wewe."

"Mimi!" Clair akapiga mkono wa kiti. "Kamba!"

Royce akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Mlangoni akageuka. "Anasema nini, Verna?"

Nikasema amechoka.

Amechoka! Mtu kahangaika mwezi mzima kutafuta maneno matatu, na mimi namfungia mdomo kwa moja. Royce alipoondoka sikuweza kumtazama Clair. Nimekwenda nyuma ya banda, nikakaa huko hadi giza.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi wa zimamoto. Saa nne kasorobo asubuhi. Chapati za maji na sirapu zimekwisha, mkutano umeanza. Daftari hili liko juu ya kitabu cha maji, wanadhani naandika kumbukumbu. Mimi ndiye katibu. Nisipoandika nitapiga kelele.

Watu kama arobaini. Delmar kasimama nyuma, karibu na mlango, mikono kifuani. Gari lake liko nje mbele ya dirisha, makopo ya rangi yanaonekana. Clair yuko kando yangu. Aliomba shati la kanisani, nikamvisha, hatukusemezana.

Lester wa mstari wa mbele kamgeukia Delmar, kamuuliza kama leo ametuletea supu ya kamba. Watu wamecheka. Delmar kamjibu: "Pita nyumbani uonje, Lester. Ukitoka na meno yote, mshukuru Mungu." Kicheko kimekufa.

Royce anasoma hoja. Kwamba kamba wageni wameonekana ukingoni kwa Delmar Reiff, tazama kitabu cha maji. Kwamba mahema na duka la chambo vifungwe. Ametaja jina langu mara mbili: "kwa ushahidi wa dada yetu Verna, ambaye hakuna asiyemwamini." Wamepiga makofi. Makofi! Nimehisi masikio yangu yakiwaka moto.

Anauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kura.

Jikoni mtu anaosha masufuria.

Clair ameinua mkono wa kushoto. Uko juu kabisa. Royce kamwambia kwa upole, "Bado, mzee wetu, kura bado." Mkono haushuki. Anavuta pumzi. Najua neno analolitafuta, midomo imeshaanza kulitengeneza.

Nimeushika ule mkono. Naushusha. Ameukaza, ana nguvu kuliko nilivyodhani. Nimemwambia sikioni basi, mume wangu, basi. Ameniachia.

Royce anauliza kama Clair ana tatizo.

Nimesema hapana, yeye hana tatizo lolote. Nimelisema kwa sauti kubwa mno. Viti vimelia, watu wote wamegeuka. Delmar ameacha mlango, anakuja mbele taratibu, ananitazama kama mtu anayeanza kuelewa.

Nimesimama. Mkono wangu mmoja bado umemshika Clair, mwingine unaandika, mistari inakwenda upande. Sijui kwa nini siweki kalamu chini. Royce amekaa. Anasema, "Haya, dada Verna, tunakusikiliza." Nitaanza na ndoo.